Mfereji wa Marko

Sogeeni wanangu, sogeeni kabisa, maana sauti hii iliyokuwa ikiamsha majogoo wa Iguguno nami nimelala zangu hapa Kinampanda, leo haifiki hata mlangoni. Laurian, kaa chini. Rahabu, acha kulia kwanza, utalia vizuri baadaye na sitakuwepo kukukataza.

Ng'ombe mgawane, na Rahabu apate wake kama kaka yake. Asiyetaka aje anitoe kaburini tubishane, na hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno, hata yule mwalimu wa darasa la pili alinifukuza kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza kumfundisha.

Ninachotaka kusema ni habari ya mto.

Mnaujua mto wetu, kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo, halafu masika unashuka na miti mizima na kambare wenye sharubu ndefu kuliko Mjerumani. Kila mwaka ulikuwa unamlia jirani yetu Marko shamba lake la uwele. Marko akaomba kibali augeuze. Bwana wa maji akaja, simtaji jina, akaja kiangazi, na viatu vinang'aa, akasimama katikati ya mchanga akauliza, "Mto wenyewe uko wapi?" Nikamwambia, "Bwana mkubwa, umeukanyaga." Watu wakacheka mpaka punda wakakimbia. Yeye hakucheka. Akaandika kwamba hapa hapana mto, na kisicho mto hakipewi kibali cha kugeuzwa.

Basi Marko akachukua majembe na wanawe, akachimba mfereji wake bila kibali. Masika yalipokuja maji yakafuata mfereji, yakaingia zizini kwetu, na mama yenu Luciana alikuwa mle anafungua ndama.

Ndama walipona.

Mimi niliyejisifu miaka yote kwamba nimevuka mto Sibiti kwa mguu mmoja huku navuta kiko, siku ile maji yalinifika kiunoni tu, nikashindwa kumfikia.

Tangu hapo sijaitika salamu ya Marko. Nimekwenda Kiomboi wilayani kuomba kibali cha kuuziba ule mfereji mpaka njia ikanizoea, nikienda nikirudi, na sasa kibali kimetoka, kina mhuri, kiko pale juu ya boriti. Laurian umepika pombe ya mtama, umealika watu waje Jumamosi kufukia. Nimeisikia harufu yake, nzuri. Ungekuwa umeipika miaka mitatu nyuma ningeshika jembe mwenyewe, ningefukia peke yangu kabla hamjanawa uso.

Lakini katika miaka mitatu hiyo Anastazia binti Marko, aliyefiwa na mume, amejenga tembe yake kwenye njia ya zamani ya mto, kwa kuwa ilikuwa kavu. Ana watoto mle ndani. Mawingu mmeyaona. Mkifukia Jumamosi, maji ya kwanza yatapiga hodi kwake.

Jana uliniambia, Laurian, "Baba, kibali si tunacho? Mama yetu nani alimhurumia?" Pumzi ilikuwa imekwenda matembezini. Nakujibu leo. Kibali kinasema mzibe mfereji. Hakisemi mmzike Anastazia na wanawe. Na mama yako unajua angekuwa upande gani, yeye aliyekuwa mtu wa kuingia majini kwa ajili ya ndama.

Pombe ikishapikwa haipikuliwi. Watu na waje. Wewe mwenyewe usimame mbele yao useme kazi imebadilika: tunang'oa nguzo za tembe ya Anastazia, tunaisimamisha kule juu kwenye shamba letu la mtama. Kipande kile nampa, balozi wa nyumba kumi ashuhudie. Nyumba ikishasimama, ndipo mzibe mfereji, na Marko naye ashike jembe. Atalilia uwele wake. Mwambieni alime na ninyi huku juu. Si ndiyo ujamaa wenyewe mnaotuimbia kwenye mikutano mpaka kuku wanakosa usingizi?

Mkimwona, mwambieni salamu zake zote nimeziitikia. Mara moja, kwa pamoja. Nimechoka.

Na nikienda kabla ya Jumamosi, msiigeuze pombe ile kuwa ya msiba. Nilazeni ndani, mnifunike, watu wakajenge kwanza. Mimi nitangoja... sina ninapowahi.

Rahabu, maji kidogo. Mate yamekauka, na mimi nilikuwa natema mpaka Ikungi... Leteni vichwa niwatemee baraka. Mzae. Mvune. Masika yawapite pembeni... yawaachie watoto wenu. Rahabu, haya. Mungu akuone.

Laurian. Kichwa chako kiko wapi? Njoo hata na hasira yako, njoo nayo... sitaigusa...

Aa. Ni wewe huyu. Una nywele za mama yako.