Jembe Lililomponyoka Maige

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Leo tunamkumbuka Maige wa Ngulyati, manju wetu, mtunzi na kiongozi wa ngoma ya majembe. Nasema wetu, na nasema kwa aibu, maana mwishoni hatukumtendea kama wetu.

Mnamkumbuka. Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, kila mmoja alitaka Maige acheze mbele ya mizani yake. Akirusha jembe juu na kulidakia mgongoni, wakulima wanasahau hata kugombania bei.

Siku moja jembe likamponyoka. Watu wakacheka. Yeye akashika kichwa.

Huko Mwanza, daktari akakuta uvimbe kwenye ubongo. Baadaye miguu nayo ikafa ganzi. Daktari akaeleza: uvimbe wa ubongo ni nadra kwenda mbali mwilini, lakini mwingine hushuka na maji ya ubongo hadi kwenye uti wa mgongo. Ugonjwa ni uleule. Narudia, ni uleule, umeshuka tu.

Nyumbani hatukutaka kusikia. Kwetu, ugonjwa wa Mungu unatulia mahali pake. Unaohama, basi kuna mtu anauswaga kama ng'ombe. Na nani alikuwa naye kila siku? Nyamizi, shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Ndugu wakayaona macho yale, wakasema ni mchawi, wakamfukuza. Akaondoka na kanga ya mwilini tu, akaenda kuishi Nyashimo.

Luhaga, kaka wa marehemu, ametuambia hivi: "Maige alikuwa anatwambia, 'Daktari kasema umeshuka wenyewe. Mrudisheni shangazi anilishe.' Sisi tukasema masikini, kichwa kimeharibika, hajui anachoongea. Kumbe ni yeye peke yake alikuwa na akili pale nyumbani."

Uji wa mkono mwingine aliukataa. Alikufa akiuliza kama basi la Nyashimo limefika.

Shangazi alikuja mazikoni. Alisimama kule barabarani, akingoja kuitwa. Tulikuwa wengi sana siku ile. Kaburi likafukiwa, yeye bado yuko barabarani.

Luhaga na familia yote, poleni. Lakini pole ya kwanza ni yako, shangazi Nyamizi, kama redio inashika huko uliko. Mtoto wako alikuita mpaka mwisho.

Na wewe msikilizaji uliyekuwepo pale makaburini, jiulize usiku huu: ulikuwa unamngoja nani amwite?