Mwizi wa Maboga Apigwa Picha

Benchi la kijiwe chetu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Asubuhi ile kahawa ilikuwa bado inafuka tulipomwona Pasipoti anavuka barabara mbio, kakumbatia karatasi kubwa kama kalenda. Tunamwita Pasipoti kwa sababu kazi yake ni picha za vitambulisho, na tangu aanze hajawahi kupiga picha ya kitu kisichokaa kitini. Lakini shangazi yangu alikuwa amemwomba msaada. Maboga yake ya uani yalikuwa yanachanua, yanatoa viboga vya ukubwa wa kidole gumba, kisha vyote vinanyauka na kudondoka, na bustani ile ndiyo inayomlisha. Alitaka mwizi apigwe picha. Pasipoti akalala kifudifudi kwenye majani asubuhi nne, kamera puani mwa maua.

— Nimempata, akasema, akaikunjua karatasi juu ya benchi.

Tuliruka wote, hata shangazi aliyekuwa amekuja kijiweni kungoja picha yake. Mimi nilijimwagia kahawa pajani na sikusikia moto wake. Uso mweusi wenye manyoya ulikuwa unatukodolea macho mawili kama vikombe vilivyopinduliwa, na chini yake taya zilizopishana.

— Hiki kitu kinaishi kwangu? shangazi akauliza, akakaa taratibu. Na mimi napalilia pale peku?

— Kwa macho ni kadudu tu, shangazi. Karuka, katua, karuka. Hata punje ya maharage inakazidi. Mimi ndiye niliyekakuza pichani.

— Wewe usimpoze mama wa watu, akadakia Injinia, fundi wetu wa redio. Tazama miguu hiyo. Kajipaka unga wa njano mpaka mapajani.

— Huo ni unga wa maua yangu, shangazi akasema, akiugusa kwenye karatasi.

— Basi kakamatwa na mzigo, nikasema mimi. Hapo hakuna kesi tena.

— Wako wangapi? Injinia akauliza.

— Asubuhi zote nne nimemwona huyu mmoja tu.

— Ndiye mkubwa wao. Wadogo zake wako chini ya ardhi, wanasubiri amri.

— Shangazi, nyunyiza dawa leo leo, nikamwambia.

Injinia alikuwa na bomba la kunyunyizia alilomaliza kulitengeneza, na dawa imo. Akamvika shangazi mgongoni kwa mikono yake. Shangazi akaondoka bila kumaliza kikombe, sisi tukabaki na ule uso.

— Manyoya yale ni antena, Injinia akasema. Anaongea na wenzake hewani. Mnadhani kwa nini redio zinakoroma msimu wa maua?

— Mimi kuna jambo sikuwaambia, Pasipoti akasema kwa sauti ya chini. Nilipomsogelea, alitulia. Kichwa wima, macho mbele. Wateja wangu nawabembeleza nusu saa hawakai vile. Yule kashawahi kupigwa picha.

— Na nani?

— Na waliomtuma.

Mtu mzima mimi, nikajikuta nimepandisha miguu juu ya benchi.

Hapo akatokea dada mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, anatafuta picha za kitambulisho. Akaiona karatasi, akainama, akatabasamu.

— Kumbe huku mnao hawa nyuki wadogo. Kapendeza kweli.

— Nyuki? tukauliza kwa pamoja.

Kabla hajajibu, shangazi akarudi na bomba tupu mgongoni. Tangu maboga yaanze kudondoka sikuwa nimemwona na uso mkunjufu namna ile.

— Nimemkuta ndani ya ua la boga, akasema. Kadondoka palepale. Nimenyunyiza bustani nzima, sijaacha hata jani.

Yule dada akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

— Samahani mama. Maboga si yana ua dume na ua jike?

— Ndiyo, yanayo.

— Sasa huo unga nani atautoa kwa dume aupeleke kwa jike, kiboga kisinyauke?

Shangazi akamgeukia Pasipoti. Pasipoti akamgeukia Injinia. Injinia akanigeukia mimi, nami sikuwa na wa kumgeukia. Shangazi akalivua bomba, akaliweka chini, akakaa ubavuni pangu akingoja jibu, maana mimi ndiye mtoto wa kaka yake, na mimi ndiye niliyesema leo leo.