Kahawa Mdomoni mwa Kocha

Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, nalo lilikaa penye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi saa. Wenyeji wa kila jioni walijulikana: Kinyozi, ambaye hakuuacha mlango wake mbali, Fundi Saa, aliyebana lenzi jichoni hata asipokuwa na saa mkononi, na Breki, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Mama Kahawa aliketi kwenye kigoda, buli lake juu ya jiko la mkaa. Jioni hiyo mwisho wa benchi alikuwapo pia mwanamke mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri saa yake itengenezwe, na hakuna aliyemjali. Karani alifika uso umekunjamana, akailaza simu yake benchini, akaketi kando yake kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

— Vipi, kuna msiba? Breki akauliza.

— Hakuna msiba. Mlezi wangu kanirudishia kazi.

Karani alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda cha chupa, mpaka kiwanda kilipofungwa. Sasa alikuwa anasomea ukocha. Si ule wa mpira. Ni ule wa kukaa na mtu mwenye jambo lake na kumuuliza maswali hadi aione njia mwenyewe. Masomo alikwisha kuyamaliza. Kabla ya cheti kilibaki kulelewa na kocha mzoefu, anayesikiliza mazungumzo uliyorekodi na mteja, kisha akakuonyesha ulipoteleza. Karani alikuwa amemrekodi shemeji yake.

— Huyo mlezi kasemaje?

— Kasema niliuliza swali zuri sana, halafu nikalijibu mwenyewe.

— Jibu lilikuwa bovu? akauliza Fundi Saa.

— Lilikuwa zuri! Ndiyo kosa lenyewe. Kocha hatoi ushauri, bwana. Kikao cha mwisho ni Jumamosi. Nisipopeleka rekodi ambayo sijamshauri mtu, hanipitishi. Na mama mkwe ameshaanza kuniita Kocha mbele za watu.

— Si umrudie shemeji?

— Hataki. Anasema baba yake alishamzika, hatafuti mwingine.

Benchi likacheka mpaka tofali likacheza.

— Mimi huyo mlezi simwamini, akasema Fundi Saa. Anasikiliza shida za watu kwa jina la masomo. Mwaka kesho utasikia amefungua ofisi ya kupatanisha wanandoa, na siri zote anazo.

— Hiyo ndogo, akadakia Breki. Kuna jengo mahali, nakwambieni, limejaa watu wenye hivyo vyeti. Wanaulizana tu. Taa zinawaka mpaka asubuhi, maana hakuna anayeruhusiwa kumwambia mwenziwe azime.

— Shida yako ni mteja kutoroka, akasema Kinyozi. Mimi kwangu hatoroki mtu. Mfunge kitambaa shingoni, mnyoe upande mmoja, kisha muulize unachotaka. Atakaa.

Mama Kahawa alikuwa anapangusa vikombe. Hakuinua uso.

— Jaza kahawa mdomoni, usimeze. Mama mkwe wangu alipokuwa akija kututembelea, mimi nilikuwa najaza maji. Tuliishi vizuri mpaka mwisho.

Wakatazamana, kama watu waliosikia jambo la akili wakajuta kutolisema wao.

— Haya, mteja nani? akauliza Breki.

— Mimi hapa, akasema Kinyozi. Jambo ninalo.

Simu ikawashwa. Karani akauliza, kama alivyofundishwa, angependa kuzungumza nini leo. Akajaza kahawa mdomoni, mashavu yakatuna, akaitikia kwa kichwa kumruhusu mteja aendelee.

— Ni mwanangu, Kinyozi akaanza, akikunja na kukunjua taulo lake. Tangu azaliwe, kichwa kile hakijaguswa na mkono mwingine. Juzi nikamwona anatoka pale ng'ambo, kwenye duka jipya, amenyolewa. Nikamwita. Akaja. Nikamuuliza, imekuwaje tena? Akaniambia...

— Mashine yako! akasema Fundi Saa. Inavuma kama pikipiki inayopanda mlima. Iletwe kwangu.

— Mashine wapi! Wale wanapaka kitu kwenye kiti, akasema Breki. Ukikalia mara moja, makalio yanaishika njia. Siku ya pili unajikuta uko pale, hujui umefikaje.

— Ni vioo, akasema Fundi Saa. Vioo vyao vimepindwa kidogo, kila anayejitazama anajiona bwana harusi.

— Na wewe pinda vyako!

— Nipinde kioo? akauliza Kinyozi.

— Au uhamishe duka. Ulizungushe, mlango utazame nyuma, asiwaone wale.

Karani alikuwa anatokwa jasho. Kahawa ilikuwa imepoa kinywani, lakini kichwani ushauri ulikuwa umeshaiva: amweke kijana chini, amweleze maana ya jina la baba, kisha ampe kazi ndogo dukani siku za mapumziko. Ulikuwa na utangulizi na hitimisho. Alikuwa akitafuta mahali pa kutemea.

— Samahanini, akasema yule mwanamke mgeni. Kijana alimwambia nini baba yake?

Breki akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akaitoa lenzi jichoni. Wote wawili wakamgeukia Karani, maana ndiye aliyesomea. Karani akameza. Alijua taulo lilikunjwa vipi, alijua ushauri wake neno kwa neno. Alichoambiwa Kinyozi hakukijua, na asingelikumbuka hata kuuliza. Mdomo ulikuwa umefungwa, na masikio nayo yalifuata.

— Kwanza izime hiyo, Kinyozi akasema, akiitazama simu.

Karani aliiwazia Jumamosi. Akamwaza mama mkwe. Rekodi njema ilikuwa ndiyo kwanza inataka kuanza. Akanyoosha mkono, akaizima, akaigeuza uso chini.

Kinyozi akalilaza taulo begani.

— Aliniambia, “Baba, pale wananiuliza nataka ninyolewe vipi.”

Breki alifungua mdomo. Mama Kahawa akamtia kikombe mkononi kabla neno halijatoka.

— Jaza, akamwambia. Na usimeze.

Karani naye alikuwa na la kusema, tena zuri. Akaliacha lipite. Mkaa ukalia jikoni, mtu akapita na baiskeli, Kinyozi akawa anakitazama kiti chake kitupu kupitia mlangoni.

— Ukamjibuje? Karani akauliza, kisha akanyamaza kweli.

— Sikumjibu. Kinyozi akasugua shingo. Miaka yote hiyo sijawahi kumuuliza. Nilikuwa nakijua kichwa chake, basi.

Mama Kahawa akaliinamisha buli. Likatoa masalio tu. Hakuna aliyeinuka. Mwishowe Kinyozi akasimama, akaanza kufunga mbao za dirisha, na mgongo ukiwa umewaelekea akasema:

— Karani, kesho uje dukani na hiyo simu. Sijamaliza.

Breki akanyanyuka nusu.

— Lakini hawa, akasema Kinyozi, wasikanyage.