Theoneste na Gari Lililogoma Mlimani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliyekaa akae vizuri, na aliye njiani anatoka shambani atembee taratibu tu, hakuna anayemfukuza. Juma hili tumechoka. Mvua imekula barabara, kahawa imelala majumbani, na Igurwa wamemzika mtu wao.

Wamemzika Theoneste Twagirayezu. Narudia kwa waliofungulia redio sasa hivi. Theoneste Twagirayezu, fundi magari wa Igurwa, wilaya ya Karagwe, amefariki dunia. Kifua kilimsumbua tangu mwaka jana, Jumanne asubuhi kikamshinda. Ameacha mke, mama Kantengwa, pamoja na watoto na wajukuu.

Wazazi wake walitoka Rwanda wakaishi Kituntu, wakilima vibarua kwenye migomba ya watu. Naye Theoneste angelima hivyo hivyo. Lakini mwaka sabini na nane vita vikaja, na malori ya jeshi yakawa yanaharibika njia nzima. Kijana akasogea kwa mafundi, akashika spana, na hakuirudisha tena. Vita vikaisha, yeye akabaki chini ya magari.

Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba, bati juu ya miti, kuku wanapita katikati ya nati. Mama Kantengwa anasema: "Alikuwa akiingia ndani amechoka hata kijiko kinamshinda. Ukimuuliza gari limepona, anakujibu, litasema lenyewe."

Sasa, wasikilizaji, leo nataka niwasimulie gari moja tu. Gari la mzee Tumwine.

Tumwine ni mfugaji wa Bweranyange, ng'ombe wake wanalishwa mpaka mbuga za Kyerwa. Miaka michache iliyopita alitoa ng'ombe, akapewa gari la Kijapani lililotumika, la petroli, lenye turbo. Kwa asiyejua, turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe. Inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, gari likapata nguvu. Kijijini kwao gari lilikuwa hilo hilo. Mgonjwa akizidiwa, anakimbiliwa Tumwine.

Basi mkwe wake, Kyomugisha, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Wakampakia. Tambarare gari likaenda vizuri. Walipouanza mlima likakohoa, likashtuka, likazima. Wakaliwasha, likazima tena. Mwisho wanaume wakamshusha, wakambeba kwa engozi, ile machela yetu ya mabegani, mvua inawanyeshea. Walifika hospitali wamechelewa. Mtoto alizaliwa amekwisha fariki. Yee mawe!

Ndipo Tumwine akalileta gari Igurwa. Alishuka, akasalimiwa shikamoo, akaitika kwa shida.

"Fundi," alisema, "gari hili limeniulia mjukuu. Litibu, au lichome moto. Lolote utakalofanya, sitakuuliza."

Theoneste akaanza kazi. Kila aliyepita pale alikuwa na jibu lake. "Turbo imekufa hiyo!" Aka, watu na turbo! Akabadilisha plagi. Akasafisha njia ya petroli. Akaifungua turbo yenyewe, akaizungusha kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Turbo nzima kabisa. Akairudisha, akakaa chini kwenye tairi, mgongo unamuuma, hana hamu hata ya chai.

Baadaye akaigusa sensa ya hewa. Hiki ni kidude kinachokaa mbele, baada ya filta. Ndani kina waya mwembamba kuliko unywele. Hewa ikipita, ule waya unapima ni kiasi gani, na injini inapewa petroli kwa kipimo hicho. Waya ukidanganya, injini inakosa petroli pale pale inapoihitaji. Yaani mlimani.

Theoneste akachomoa plagi ya umeme ya sensa, akawasha gari bila hiyo. Injini ikatulia. Likapanda kilima cha karibu, polepole lakini bila kukohoa. Akajua mwongo ni nani.

Akaifungua. Ule waya ulikuwa umevaa utando wa kahawia, vumbi limeganda juu yake. Akauosha kwa petroli, kwa unyoya wa kuku, akishika pumzi. Kisha akamtuma mama Kantengwa kwa jirani alete enkonyagi, pombe yetu ile kali inayotoka kwanza kwenye mtungi, akausuuza nayo ukauke safi. Mama Kantengwa anacheka akikumbuka: "Majirani walisema mume wangu ameanza ulevi. Kumbe anayekunywa ni gari."

Gari likapona. Tumwine akaenda zake anapiga honi.

Haikupita muda mrefu, likarudi. Ugonjwa ule ule, mlima ule ule. Theoneste akaosha waya, likapona. Likarudi tena. Waya umevaa utando tena! Akaanza kujitilia shaka. Usingizi ukampotea. Kikohozi nacho kilikuwa kimeshaanza, na siku zile hakuna aliyekijali.

Na Kyomugisha alikuwa mjamzito tena.

Alikuwa ameapa hapandi gari lile. "Heri nitembee," alisema. Atembee wapi, na hospitali iko nyuma ya milima? Hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima fundi usingizi. Magari mabovu alikuwa ameshayaona mengi maishani mwake.

Mama Kantengwa alimwonea huruma. "Theo, mwambie turbo imekufa. Hakuna atakayekulaumu. Njoo ulale."

"Turbo nimeiona kwa macho yangu, ni nzima," alimjibu. "Nikisema imekufa ili nilale, yule binti nitakuwa nimemfanya nini?"

Ng'ombe haelemewi na nunduye, wahenga walisema. Hawakusema kama nundu haichoshi.

Safari hii gari lilipoletwa, akamwambia Tumwine asiondoke. "Mzee, kaa hapa. Fanya vile unavyofanya nyumbani, gari likirudi safari."

Tumwine akashangaa, lakini akafanya. Akafungua boneti. Akafungua kasha la filta, akaikung'uta vumbi vizuri, kwa upendo kabisa. Kisha akatoa kibuyu kidogo kwenye mfuko wa koti, akachota kwa vidole, akapaka mpira wa lile kasha, nje na ndani, tena kwa ukarimu.

Samli!

Jamani, mfugaji na samli yake! Kwa wafugaji wetu, kitu unachokipenda unakipaka samli. Ngozi ya kukalia, ngozi ya mtoto mchanga, vyote vinapakwa, visikauke, visipasuke. Tumwine aliona mpira wa gari lake unapasuka kwa jua na vumbi. Angefanya nini kingine? Injini ikipata moto samli inayeyuka, inavutwa na hewa, inakwenda kuganda kwenye ule waya. Mzee wa watu alikuwa akilibembeleza gari huku analinyonga.

Theoneste angesema vipi? Amwambie mtu aliyefiwa na mjukuu kwamba ni mkono wake mwenyewe? Halafu samli haimwagwi. Kuitupa samli ya mtu mbele ya macho yake ni kumtukana yeye na ng'ombe wake.

Basi akachukua kitambaa safi, akaikusanya samli yote kutoka kwenye mpira, taratibu. Haikudondoka hata chembe. Akaipaka mikononi mwake, kwenye nyufa za vidole, mpaka viwiko.

"Waitu, mzee wangu," akasema, "gari halina ngozi. Hii tupake sisi."

Tumwine alitazama ile mikono inayong'aa, akautazama waya mchafu wa sensa iliyokuwa imefunguliwa pale pembeni, akaelewa. Alikaa chini palepale kwenye majani akajifunika uso kwa kofia. Theoneste akakaa kando yake.

Siku ya Kyomugisha ilipofika, ilikuwa mchana na mvua. Kyomugisha alikubali kuingia garini kwa sababu Theoneste alikuwa ameahidi kwamba atapanda naye, na alipanda, ana homa. Tumwine kwenye usukani, fundi pembeni yake, Kyomugisha nyuma na mama mkwe wake. Yanayofuata Kyomugisha mwenyewe amenisimulia msibani.

"Tulipouanza mlima nikapiga kelele. Uchungu, na hofu. Yule fundi akageuka akaniambia, 'Nyamaza kidogo mwanangu, nisikie injini.' Nilimchukia! Nikauma kitenge. Tukafika pale gari lilipozimia siku ile. Napajua, kuna mawe mekundu. Nikafumba macho. Gari likavuta, likavuta, likapita. Tulipofika juu akaniambia, 'Sasa lia, mama. Lia unavyotaka.' Nikalia mpaka hospitali. Sikumlilia huyu niliyekuwa nakwenda kumzaa. Nilimlilia yule wa kwanza, maana siku ile nilikuwa nabebwa, sikupata nafasi."

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya mazishi binti huyo alikuwa Igurwa, amebebwa mgongoni, anawashangaa watu wanavyolia.

Kwako mama Kantengwa, kwa watoto na wajukuu, kwa watu wa Igurwa, Kituntu na Bweranyange, poleni sana. Kituo hiki kinalia pamoja nanyi. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Ampe Theoneste usingizi, maana huku hakuupata.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nina ombi dogo. Nyumbani kwako yupo mtu aliyebebwa kuupanda mlima wake akanyamaza, kwa sababu ilibidi anyamaze. Jioni hii zima redio, kaa naye. Mwambie, "Sasa unaweza kulia."