Mama Akiteremka kwa Baiskeli

Kibanda cha kunyolea cha Wembe kilikuwa wazi tangu saa mbili, lakini mpaka saa nne hakuna kichwa kilichoingia, kwa hiyo mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, simu mkononi, kikombe cha kahawa kimepoa pembeni. Kulia kwake alikaa Pimamaji, fundi mwashi, mtu asiyeweza kupita karibu na ukuta bila kufumba jicho moja auangalie kama umenyooka. Kushoto alikaa Pindo, fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Wote watatu walikuwa wameinamia picha moja. Wembe aliipiga jana jioni: mama yake mzazi, miaka sitini na mitano, akiteremka mtaani kwa baiskeli ya marehemu baba. Haikuwa picha ya kujifurahisha. Saa sita mchana ndugu wangekutana kwa mama mdogo kuamua kama mama ahamishwe kwake, maana mama mdogo alishatangaza kwamba dada yake hawezi tena kutoka hata kufuata dawa bila kushikwa mkono. Mama hakutaka kuhama. Wiki tatu alikuwa akijifunza baiskeli, magoti yamechubuka, na jana alimwambia mwanawe: "Nipige picha, uwatumie, waone." Wembe alijua kabisa kwamba akikosea hapo, mama anafungishwa virago.

— Sasa hii ndiyo picha gani? alianza Pimamaji. Barabara imeinama!

— Ni mteremko, kaka.

— Mteremko wa nini? Ndugu wakiona hivi watasema mpigaji alikuwa amelewa. Nyoosha.

Wembe akazungusha picha kidogo kidogo, Pimamaji akiwa amefumba jicho, mpaka barabara ikalala kama sakafu. Nyumba za nyuma zikaegemea upande mmoja, lakini Pimamaji alisema hizo zilijengwa na mtu mwingine, hazimhusu.

— Mtu akiwa kwenye mwendo, alisema, kazi ya picha ni kumtuliza. Kitu kikiwa tambarare hata moyo wa anayetazama unatulia.

— Kutulia si tatizo, alidakia Pindo. Tatizo inapwaya. Angalia hii barabara yote iliyo mbele ya mama. Ya nini? Nani anavaa shati lenye mkono wa ziada?

Wembe alisita. Kuna mahali alisikia kwamba anayekimbia huachiwa nafasi mbele, ili jicho lipate pa kwenda naye.

— Nani alikwambia?

— Mteja mmoja.

— Mteja mwenyewe anapiga picha za nini?

— Mbwa wake.

— Basi! Mbwa ni mbwa, huyu ni mama yako. Kata hapa, kata hapa. Na huo mtandio unaopepea nyuma, punguza. Nguo lazima ikae mwilini.

Wembe akakata. Mama akabaki amebanwa mbele, juu na chini, gurudumu la mbele likigusa ukingo wa picha. Ilipendeza, kwa kweli. Au pengine Wembe alitaka sana ipendeze. Nyuma ya mama kulikuwa bado na kitu kilichomkera tangu jana: fundi bomba, jirani yao, ndiye aliyekuwa ameshika siti ya baiskeli kule juu. Alipoiachia alibaki hatua kumi nyuma, mikono juu, mdomo wazi, shati limetoka suruali.

— Huyu anaharibu, alisema Wembe. Kwa kinyozi, kitu kama hiki ni nywele iliyobaki shingoni. Huwezi kumwachia mtu aondoke nayo.

— Mnyoe, alisema Pindo.

Kwenye simu kulikuwa na programu ya kusafisha picha, ya bure, yenye matangazo mengi. Wembe akapitisha kidole juu ya fundi bomba mara mbili, na fundi bomba hakuwepo tena. Mahali pake pakaota ukuta. Wakapongezana. Pimamaji akamimina kahawa ya pili.

— Sasa magurudumu, alisema. Yana ukungu. Njiti hazihesabiki. Mtu atadhani ni mabamba ya bati.

— Si yalikuwa yanazunguka?

— Sasa yakizunguka ndiyo yasionekane? Kitu cha kweli kinahesabika. Bonyeza hapo pameandikwa "nolesha".

Wembe akabonyeza. Programu ikafikiri kidogo, ikaleta magurudumu mapya kabisa, njiti moja moja, zinang'aa.

— Aisee! alisema Pindo. Hiyo baiskeli ni kama imetoka dukani leo. Bado uso. Mama kaachama. Pengo lote linaonekana.

— Alikuwa anacheka. Anapiga kelele na kucheka.

— Ndugu wanakaa kikao kizito, wewe unawapelekea pengo? Una picha yake ya kitambulisho?

Hapo hata Pimamaji alikohoa. Lakini Wembe alikuwa nayo, na programu ilikuwa na sehemu ya kuhamisha uso, na ilikuwa inakaribia saa tano. Akahamisha. Mama sasa alikaa juu ya baiskeli yake amefumba mdomo, macho mbele, kama anasubiri kupigwa muhuri. Wembe akahifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu simu ilishalalamika haina nafasi, akaituma kwa mama mdogo. Wote watatu wakaegemea ukuta, wametosheka.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti. Wembe akalifungua kwa sauti ya juu ili wenzake wasikie, wala hakuona kwamba mama alikuwa ameshafika na baiskeli yake, amefunga breki nyuma ya Pindo.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama mdogo, "picha tumeiona. Dada kapendeza. Lakini baiskeli imeegeshwa tu hapo ukutani, hata mtoto anaona, na yeye mwenyewe kakaa kama yuko kwa daktari. Maskini dada yangu. Tumekubaliana wote, hata saa sita hatukuingoja, Jumamosi nakuja na gari kumchukua. Mwandalie nguo."

Wembe alitamani ardhi ipasuke. Mama akanyoosha mkono, akapewa simu. Aliitazama picha, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

— Jana nilikuwa nakwenda, alisema.

— Ulikuwa unakwenda, mama. Unakwenda kasi.

— Na jirani?

— Tulimtoa.

— Na uso wangu?

Pindo akaanza kukunja utepe wake. Pimamaji akaangalia barabara. Wembe alimwonea mama uchungu, na zaidi aliona aibu, maana jana alikuwepo, alimsikia kwa masikio yake akicheka mteremko mzima.

— Ile ya kwanza iko wapi?

— Haipo tena, mama.

Mama hakugomba. Alimrudishia simu, akafunga mtandio vizuri kichwani, akaangalia saa ya ukutani ndani ya kibanda. Saa tano na dakika tano.

— Kutoka hapa mpaka kwa mama yako mdogo, ni mwendo wa muda gani kwa baiskeli?

Wembe akamtazama Pimamaji. Pimamaji akamtazama Pindo. Miaka yote walikuwa wakienda upande ule kwa basi, tena Wembe alikuwa akisinzia njia nzima. Mama akapanda baiskeli yake akaenda kujua mwenyewe.