Kipindi cha Mipaka cha Mwalimu Esteri

Mgeni wetu rasmi Mzee Stanislaus, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo chetu; Mkuu wa Chuo, wakufunzi, walimu wa shule za Kasulu na Kibondo mliotupokea,

Tulipoambiwa barabara ya Kibondo imekuchelewesha, tuliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa tuna jambo linalotunyima raha. Karibu sana.

MAZOEZI YA KUFUNDISHA

Sisi ni walimu tarajali arobaini na mmoja wa Maarifa ya Jamii. Kwa wiki nane tulikuwa mashuleni, wengine Titye, wengine Nyakitonto, wengine Kibondo. Mwenzetu Venanti alikabidhiwa madarasa matatu kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Mengi yamo kwenye ripoti. Leo tunaomba tumzungumzie mmoja wetu.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwalimu Esteri Niyomwungere alipangiwa Nyakitonto, darasa la tano, wanafunzi mia moja na tisa. Siku ya kutathminiwa, somo lilikuwa mipaka ya Tanzania. Ramani hakuna, akaichora sakafuni kwa majivu. Mkufunzi mtathmini alikaa nyuma na fomu yake.

Esteri alimwita binti mmoja, Niyitegeka, aonyeshe mpaka wa Burundi. Mvulana mmoja akasema, "Huyo asimame ng'ambo, ndiko kwao."

Darasa likacheka. Niyitegeka akavuka mstari wa majivu kweli, akasimama huko akitazama miguu yake.

Zilibaki dakika tano, na hatua mbili za andalio la somo. Esteri alijua mtathmini anatazama saa. Kwa miaka miwili ya chuo hakuwahi kutamka hadharani alichotaka kukitamka. Akavuka mstari, akasimama kando ya yule binti.

"Baba yangu alizaliwa upande huu," akasema. "Mimi nimezaliwa Kasulu, na uraia tumepewa. Sasa mnataka niwafundishe nikiwa wapi?"

Kisha yule mvulana akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mwalimu, na yeye ni wa hapa?"

"Ni wa hapa. Mwite."

Akamwita, na binti akarudi. Kengele ikalia, zoezi halijafanyika.

"Umetoka nje ya lengo," mtathmini alimwambia baadaye. "Na habari za nyumbani kwako si zana ya kufundishia." Akamfelisha. Anatakiwa kurudia mazoezi mwakani.

Esteri hakubishana. Alirudi bwenini akaanza kufunga begi, akasema amechoka kueleza kwao ni wapi, bora akalime maharage. Hapo tukainamisha vichwa, Mzee wetu, maana mwaka wa kwanza baadhi yetu tulimtania kwa jina lake, tukimuuliza atarudi lini kwao. Tulimwomba radhi. Alitusikiliza, akaendelea kukunja nguo.

TUNACHOOMBA

Orodha ya ramani na madawati imo kwenye bahasha. Hapa tunaomba moja tu: Esteri atathminiwe upya, na mtu mwingine, kabla matokeo hayajafungwa Ijumaa. Mkufunzi aliyemtathmini yumo ukumbini. Tunamheshimu, ndiye aliyetufundisha kuandika lengo la somo. Ila tunaamini siku ile lengo lilifikiwa.

Mgeni rasmi, ukimtafuta Esteri humu ukumbini hutamwona. Jana mwalimu mkuu wa Nyakitonto alimpigia simu: darasa la tano halina mwalimu, na watoto wanamuulizia. Leo alfajiri akapanda pikipiki akaenda. Saa hii yuko ubaoni, bila mtathmini, na alama zake ni zile zile za kufeli.

Hatukuombi jibu hapa mbele ya watu. Tunaomba ukitoka getini dereva wako ashike njia ya Nyakitonto, ukaketi nyuma ya lile darasa kwa kipindi kimoja.

Mungu akufikishe salama, na huko akujalie pa kukaa, maana madawati hayatoshi.

Ni sisi,
Walimu Tarajali wa Maarifa ya Jamii, Mwaka wa Pili.
Imesomwa na Tunu Mudathiri, kwa niaba ya wenzake.