Mzee Patriki Hhando na Wimbo wa Watu Wawili

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Patriki Hhando anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha kurekodia cha redio yetu hapa Mbulu. Mimi ni Hilda, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, na nimekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na minne. Nimepewa dakika tano nisome wasifu wake, kwa hiyo wenye soda naomba mtulie kidogo.

Alianza na kaseti na betri ya gari, akazunguka toka Bashay hadi Basotu kurekodi kwaya, harusi na mikutano ya wafugaji. Niseme wazi, maana kila mtu anajua: Mzee Patriki ni mwoga. Wingu likitanda tu upande wa Hanang, yeye keshachomoa nyaya zote, na sisi tunabaki kutangazia kuta. Kule Basotu, kiboko alipotoka ziwani wakati anawarekodi wavuvi, alikimbia akaacha viatu, ila kinasa sauti alirudi nacho kifuani. Tulimcheka wiki nzima. Lakini uoga huohuo umeokoa mtambo wetu na radi mara tatu, na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Sasa nije kwenye wimbo. Novemba mwaka jana alikuja Onesphory, mpiga gitaa wa Maretadu. Muziki wake vijana wanauita roki mbadala. Mzee aliuita gitaa lenye homa. Onesphory alikuwa na wimbo wa mapenzi unaoitwa "Sogea", aliomtungia mkewe, Marieta. Marieta alikuwa amejifungua mtoto asiye na uhai. Kwa mila yetu sisi Wairaqw, mama wa namna hiyo hukaa pembeni mpaka siku zake ziishe. Hachangii kikombe na watu, na zaidi ya yote hakaribiani na mwenye mimba, wala na mtu wa familia yenye mimba. Wazee waliotufundisha hivyo walisema balaa hufuata. Basi Marieta alikaa kwenye kijumba cha nyuma ya nyumba ya wakwe. Onesphory akawa anakaa nje ya ukuta na gitaa lake, anaimba mstari mmoja, mkewe anamjibu toka ndani. Ndivyo wimbo ulivyopatikana.

Studio alikuja na Restituta wa kwaya aimbe sehemu ya mke. Sauti nzuri, hakukosea hata mahali pamoja, lakini wimbo ukapoa kama ugali wa jana. Mzee akavua hedifoni akasema, "Mlete mwenyewe." Jamani! Tulidhani amechanganyikiwa. Siku za Marieta zilikuwa hazijaisha, na Angela, binti wa pekee wa Mzee, alikuwa na mimba ya miezi saba baada ya kusubiri miaka sita. Kila Jumamosi Mzee alikuwa akimpelekea maziwa.

Marieta alikuja Alhamisi, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Akasimama mlangoni, haingii. Alisema, "Nitaimbia hapahapa nje, nisiwaletee neno." Nani alimkaribisha? Si mimi. Mimi ninayehubiri kila asubuhi kwamba tusitenge wenzetu, nilikumbuka ghafla kuwa nina kazi mjini, halafu nikaishia kuchungulia dirishani. Mzee, mwoga yuleyule, ndiye aliyemkaribisha ndani. Alimwekea kiti, akamvalisha hedifoni kwa mikono yake mwenyewe. Marieta na mumewe waliimba mara nne. Ile ya tatu ndiyo mnayoisikia redioni. Mwishoni kuna pumzi ndefu ya Marieta, na Mzee alikataa kabisa kuikata.

Kikombe alichonywea chai Marieta kilikaa mezani siku mbili. Hakuna aliyekigusa. Mzee ndiye aliyekiosha.

Kisha hofu ikamkamata sawasawa. Hakukanyaga tena kwa Angela. Maziwa alituma watu, simu alijibu kwa kifupi, na binti akalia akidhani amemkosea baba. Huyu ni mtu anayesoma somo la kwanza kanisani kila Jumapili, lakini aliniambia, "Hilda, ninachoamini nakijua, ila tumbo langu halijui." Januari, uchungu wa Angela ulichukua siku mbili. Mzee alikaa nje ya geti la hospitali siku zote mbili, ndani hakuingia. Na sisi hapa kazini tuliogopa wote, hata wenye diploma.

Mtoto alizaliwa mzima. Anaitwa Tito, na sasa ana meno mawili. Marieta naye siku zake ziliisha, akatolewa kwa mila zote, anasalimiana na kila mtu. Wimbo wao unaombwa toka Katesh hadi Haydom. Lakini Mzee Patriki hajambeba mjukuu wake hata mara moja. Humtazama toka mlangoni, kofia mkononi, halafu huyo anaondoka.

Kwenye ratiba mmeona "zawadi kwa mstaafu" mkadhani ni godoro. Godoro lipo. Ila juzi nilimwendea Angela nikamweleza yote, maana baba yake asingesema kamwe. Akasema, "Mwambie baba aendelee kuogopa, ila aogope akiwa amembeba." Na akachagua mwenyewe nani amlete mtoto hapa leo.

Shikamoo, Mzee wetu. Asante kwa miaka yote, na utusamehe kile kikombe. Tunakutakia mapumziko mema huko Bashay, ng'ombe wanenepe na masikio yako yapate utulivu. Sasa naomba usimame. Anayekuja toka viti vya nyuma, amembeba Tito, ni Marieta. Nyoosha mikono, Mzee.